Maswali ya Wasomaji: Entropia inahesabu nini hasa?

Barua za safari hii karibu zote zimegota mahali pamoja. Tumezipanga ili jibu moja lifungue njia ya linalofuata, na pale ambapo wasomaji wawili waliuliza jambo lilelile tumejibu mara moja. Takwimu za majedwali ni za 298 K (25 °C) na shinikizo la ba 1. Jedwali lako likitofautiana na letu kwa desimali moja hivi, usihangaike. Wachapishaji huzungusha namba kwa namna zao.

Ndugu wahariri, darasani tuliambiwa entropia ni kipimo cha vurugu, na mfano uliotolewa ni chumba kisichopangwa. Nikijiuliza vurugu inapimwaje, sipati jibu. Chumba kilichovurugika kina jouli ngapi kwa kelvini?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

Swali lako la mwisho ndilo linalouangusha mfano wenyewe. Chumba kilichopangwa na kilichovurugika, kama vitu ni vilevile na halijoto ni ileile, vina entropia ileile kwa kadiri chombo chochote kinavyoweza kupima. Kiatu kikihama kutoka kabatini hadi sakafuni, molekuli zake hazina habari. Neno vurugu liache mlangoni. Kinachohesabiwa ni njia: nishati iliyopo na chembe zilizopo zinaweza kugawanyika kwa njia ngapi tofauti, huku sisi tulio nje tukiona kitu kilekile.

Chukua karatasi uhesabu mwenyewe. Tuseme kuna vipande viwili vya yabisi, A na B. Kila kimoja kina atomi mbili tu, na kila atomi hubeba nishati kwa vifurushi vizima: 0, 1, 2 na kuendelea. Vifurushi vyote ni 4, na mwanzoni vyote viko A. Kwa hiyo A ni ya moto, B ni baridi kabisa. Atomi mbili za A zinaweza kugawana vifurushi 4 kwa njia 5: 4-0, 3-1, 2-2, 1-3 na 0-4. B haina cha kugawana, ina njia 1 tu. Jumla ni 5 × 1 = 5.

Sasa vigusanishe ili vifurushi viweze kuhama. A ikibaki na 3 na B ikapata 1, njia ni 4 × 2 = 8. Wakigawana 2 kwa 2, ni 3 × 3 = 9. A ikibaki na 1, ni 2 × 4 = 8. A ikibaki mikono mitupu, ni 1 × 5 = 5. Jumlisha zote: 35. Kabla ya kugusana mfumo ulikuwa umefungiwa ndani ya njia 5. Baada ya kugusana una 35 za kuzurura.

Hapo hakuna nguvu inayoisukuma nishati itoke A kwenda B. Kila njia kati ya hizo 35 ina nafasi sawa na nyingine. Ila ukichungulia wakati wowote, uwezekano wa kukuta mgawanyo wa 2 kwa 2 ni 9 kati ya 35, na wa kukuta A imerudishiwa vyote ni 5 kati ya 35. Kwa atomi nne tofauti hiyo ni ndogo. Ongeza atomi hadi ufikie idadi iliyomo katika tone la maji, na migawanyo iliyo karibu na usawa itaimeza mingine yote. Ndiyo maana joto hutoka kwenye cha moto kwenda kwenye cha baridi, na hatujawahi kuona likirudi lenyewe.

Uhusiano kati ya hesabu hii na entropia ni kazi ya Ludwig Boltzmann, na mlinganyo wake umechongwa juu ya kaburi lake Vienna: S = k log W. W ni idadi ya njia. Herufi ndogo k ni namba isiyobadilika iitwayo ya Boltzmann, 1.380649 × 10⁻²³ J/K. Kwa nini logi? Kwa sababu mifumo miwili ikiwekwa pamoja njia huzidishana (kama 3 × 3 hapo juu), ilhali entropia tunataka ijumlike kama uzito unavyojumlika. Logi ndiyo inayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha.

Tahadhari moja hapo. Hiyo "log" ya kaburini ni logi asilia, kwa hiyo kwenye kikokotoo bonyeza ln. Moli moja ya gesi (molekuli 6.02 × 10²³) ikiachiwa nafasi mara mbili ya ile ya mwanzo bila halijoto kubadilika, kila molekuli inapata nafasi mara mbili, na badiliko la entropia ni ΔS = R ln 2 = 8.314 × 0.693 = 5.76 J/K, ambapo R ni ile k ikihesabiwa kwa moli nzima. Ukipata 2.50 ulibonyeza kitufe kisicho chake.

Kitabu chetu kinaanza na ΔS = q/T, hakitaji njia wala W. Kwa nini tugawanye kwa halijoto? Na hiyo "q ya kurejeshika" wanayoisisitiza ni ya nini?
*Msomaji anayejisomea mwenyewe*

Kitabu chako kimefuata historia (hapo q ni joto linaloingia, T ni halijoto). Rudolf Clausius alilitunga jina entropia mwaka 1865, na alikuwa akifikiria joto na mashine. Hesabu ya njia ilikuja baadaye. Lakini vyote viwili vinasema jambo moja, na mfano wa vifurushi unaonyesha hilo vizuri.

Ipe kifurushi kimoja B ambayo haina kitu: njia zake zinapanda kutoka 1 hadi 2, yaani zimeongezeka maradufu. Kipe kifurushi hichohicho A yenye vifurushi 4: njia zinapanda kutoka 5 hadi 6, ongezeko la asilimia 20 tu. Nishati ileile, faida tofauti. Kitu baridi kikipewa joto kidogo, njia zake huongezeka sana. Kitu cha moto hakishtuki. Kugawanya kwa T ndiko kunakobeba tofauti hiyo. Jouli 1,000 zikiingia kwenye mwili mkubwa wenye 300 K zinaleta 3.33 J/K. Zikiingia kwenye wenye 600 K zinaleta 1.67 J/K.

Jaribu na maji. Gramu 100 za 80 °C zimechanganywa na gramu 100 za 20 °C ndani ya chombo kisichopitisha joto. Mwisho ni 50 °C. Halijoto inabadilika njiani, kwa hiyo q/T moja haitoshi, unatumia mc ln(T₂/T₁), ambapo m ni gramu za maji na c ni jouli zinazopandisha gramu moja kwa kelvini moja, hivyo mc = 100 × 4.18 = 418 J/K. Maji ya moto: 418 × ln(323/353) = −37.1 J/K. Maji baridi: 418 × ln(323/293) = +40.7 J/K. Joto lililotoka upande mmoja ni sawasawa na lililoingia upande wa pili, lakini entropia haikutoka sawa: kuna +3.6 J/K ambayo haikuwepo kabla. Ukiweka 80 na 20 badala ya 353 na 293 utapata namba inayoonekana ya kawaida kabisa na ambayo ni upuuzi. T ni kelvini daima.

Kuhusu "kurejeshika": entropia inategemea ulipoanzia na ulipoishia tu, ila q inategemea safari uliyopita kufika huko. Turudi kwa gesi yetu iliyotanuka maradufu. Ikifunguliwa ghafla kuingia kwenye ombwe, haipokei joto lolote, q = 0. Je, ΔS ni sifuri? Hapana, ni ileile 5.76 J/K. Ili kuipata kwa kanuni ya q/T unapaswa kuwaza safari nyingine yenye mwanzo na mwisho uleule lakini inayokwenda polepole mno, pistoni ikisogea nywele kwa nywele huku gesi ikipokea joto kwa T isiyobadilika. Joto la safari hiyo ya kufikirika ndilo q unaloligawanya.

Maji yakiganda molekuli zinajipanga kwenye fuwele na entropia inashuka. Sasa mbona yanaganda yenyewe? Sheria ya pili imekwenda wapi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mwingine wa mwaka wa pili*

Imebaki palepale, ni mazingira ambayo hayakuhesabiwa. Sheria ya pili haisemi entropia ya maji haishuki. Inasema jumla ya mfumo na mazingira haishuki.

Moli moja ya maji (gramu 18) ikiganda hutoa joto la jouli 6,010. Mfumo wenyewe unapoteza 6,010/273 = 22.0 J/K. Joto hilo haliyeyuki hewani bila kuandikwa popote, linaingia kwenye mazingira, na thamani yake huko inategemea mazingira yana baridi kiasi gani. Kwa −10 °C: 6,010/263 = 22.8, kwa hiyo jumla ni karibu +0.8 J/K, maji yanaganda. Kwa +10 °C: 6,010/283 = 21.2, jumla ni karibu −0.8 J/K, hayagandi. Barafu ndiyo inayoyeyuka. Kwa 0 °C kamili pande mbili zinalingana, na maji na barafu vinakaa pamoja bila mmoja kumshinda mwenzake. (Tumechukulia kwamba joto la kuganda ni lilelile kwa halijoto zote tatu. Kwa kweli hubadilika kidogo, lakini hoja haiyumbi.)

Angalia jinsi pambano lenyewe lilivyo jembamba: 22.0 dhidi ya 22.8. Sifuri ya maji imewekwa na tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa, si na tabia fulani ya barafu "kupenda" mpangilio.

Ukizidisha jumla hiyo kwa −T unapata ΔG = ΔH − TΔS, ambapo ΔH (badiliko la enthalpia) ni joto linaloingia kwenye mfumo shinikizo likiwa halibadiliki. Jumla chanya inakuwa ΔG hasi, kwa hiyo ΔG hasi ndiyo alama ya jambo linaloelekea kutokea lenyewe. Kwa hiyo nishati huru ya Gibbs si sheria ya ziada ya kukariri. Ni entropia ya mfumo na mazingira iliyovaa vazi la mfumo pekee, na sehemu ya ΔH ndiyo hesabu ya mazingira. Vazi hilo linafaa pale tu halijoto na shinikizo visipobadilika.

Naomba mnikague. N₂ + 3H₂ → 2NH₃, ΔH = −92.2 kJ. Nimechukua S: NH₃ 192.8, N₂ 191.6, H₂ 130.7. ΔS = 192.8 − 191.6 − 130.7 = −129.5. ΔG = −92.2 − 298 × (−129.5) = +38,499 kJ. Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema karibu −33. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa chuo*

Mahali pawili, na la kwanza kati ya hayo tunalikuta kwenye kila rundo la madaftari.

Kwanza, S kwenye jedwali ni ya moli moja. Mlinganyo una moli 2 za amonia na 3 za haidrojeni, kwa hiyo: 2(192.8) − 191.6 − 3(130.7) = 385.6 − 583.7 = −198.1 J/K.

Pili, ΔH yako iko kwenye kilojouli na ΔS iko kwenye jouli. Umetoa mahindi kwa maharage. Gawanya ΔS kwa 1,000 kabla ya kufanya lolote: −0.1981 kJ/K. Kisha ΔG = −92.2 + 298 × 0.1981 = −92.2 + 59.0 = −33.2 kJ. Jibu lako la elfu thelathini na nane lilipaswa kukushtua lenyewe. Mmenyuko wa kawaida wenye moli chache huwa na ΔG ya makumi au mamia ya kilojouli. Ukiona makumi elfu, tafuta kipimo kabla ya kutafuta kanuni.

Sasa tumia namba hizo kupata halijoto ambapo alama inageuka: T = ΔH/ΔS = 92.2/0.1981 = 465 K, karibu 192 °C. Hapa wengi huandika kwamba "juu ya 192 °C amonia haiwezi kutengenezwa", na ni kosa. Viwanda vinavyotumia njia ya Haber na Bosch huendesha mmenyuko huu kwa takriban 400 hadi 500 °C. Kinachobadilika alama ni ΔG ya hali sanifu, yaani kila gesi ikiwa na ba 1. Juu ya 465 K msawazo unaegemea upande wa naitrojeni na haidrojeni, lakini amonia kiasi bado ipo. Ukiongeza shinikizo hadi zaidi ya ba 100, ukaiondoa amonia kila inapotokea na kurudisha gesi zilizobaki, unapata mavuno. Wanalazimika kutumia halijoto ya juu kwa sababu ya kasi. Hata kukiwa na kichocheo cha chuma, kwenye 25 °C ungesubiri bila kikomo.

Kwa mazoezi, fanya na kalsiamu kabonati: CaCO₃ → CaO + CO₂, ΔH = +178.3 kJ. S: 92.9, 38.1, 213.8. ΔS = +159.0 J/K, ΔG kwa 298 K ni karibu +131 kJ, na alama inageuka kwenye 1,121 K, yaani karibu 850 °C. Hapo kaboni dioksaidi inayotoka ina shinikizo la ba 1. Tanuri likipitisha hewa inayoizoa gesi hiyo, jiwe litaanza kuvunjika kwa halijoto iliyo chini ya hapo. Na kumbuka ulichukulia ΔH na ΔS hazibadiliki kutoka 298 hadi 1,121 K. Ni makadirio mazuri, lakini usiandike desimali mbili.

Enthalpia ya kuundwa kwa O₂ ni sifuri, lakini S yake ni 205. Kwa nini elementi haina sifuri huku pia?

Kwa sababu entropia ina sifuri ya kweli na enthalpia haina. Kwenye enthalpia tulichagua pa kuanzia kuhesabu, tukakubaliana kuwa ni elementi katika hali yake ya kawaida. Entropia inahesabiwa kutoka 0 K, ambapo fuwele isiyo na kasoro ina njia moja tu ya kuwa, W = 1, na ln 1 = 0. Hiyo ndiyo sheria ya tatu. Thamani ya 205 ni jumla ya entropia yote ambayo oksijeni imeipokea kutoka huko chini hadi 298 K, pamoja na kuyeyuka na kuchemka kwake.

Mtu atakayeendelea kupekua jedwali atakutana na Mg²⁺ kwenye maji yenye S ya −138 na kudhani sheria ya tatu imevunjwa. Haijavunjwa. Ioni haiwezi kupimwa peke yake, daima huja na mwenzake, kwa hiyo wanakemia walikubaliana kuipa H⁺ ndani ya maji thamani ya sifuri na kupima nyingine kutokea hapo. Namba za ioni ni za kulinganisha. Za vitu vingine ni halisi.

Kuna namna ya kutambua alama ya ΔS kwa kuangalia mlinganyo tu, bila jedwali? Mtihani wetu hauruhusu majedwali.
*Mtahiniwa*

Ipo. Hesabu moli za gesi kwanza, kabla ya kitu kingine. Zikiongezeka, ΔS ni chanya. Zikipungua, ni hasi. Gesi inazizidi nyingine kwa mbali: maji ya kimiminika yana 69.9 J/K kwa moli, mvuke wake 188.8. Kuyeyuka kwa barafu kunaleta 22, kuchemka kwa maji kunaleta 40,700/373 = 109.

Moli za gesi zikilingana pande zote mbili, usiandike "sifuri". Andika "ndogo". H₂ + Cl₂ → 2HCl ina gesi mbili kila upande na ΔS yake ni +20 J/K. Kama mtihani unataka alama kwenye kesi kama hiyo bila jedwali, ni mtihani uliotungwa vibaya.

Vitu viwili vya hali moja vikilinganishwa, kizito kina zaidi: heli 126.2, neoni 146.3, agoni 154.8. Zote ni atomi mojamoja, hakuna iliyo na "vurugu" kuliko nyingine; ila kadiri atomi inavyokuwa nzito, ngazi zake za nishati hukaribiana, na nishati ileile hupata ngazi nyingi zaidi za kukalia. Molekuli yenye atomi nyingi nayo ina zaidi, kwa sababu ina namna nyingi za kujipinda na kutetema: methani 186.3, ethani 229.2, propani 270.3. Na kilichofungwa kwa ugumu kina kidogo. Almasi ina 2.4 tu, grafiti 5.7.

Mtego mkubwa uko kwenye kuyeyusha chumvi ndani ya maji. Sodiamu kloraidi inafuata matarajio: 59.0 + 56.5 − 72.1 = +43.4 J/K. Inachukua joto kidogo (ΔH = +3.9 kJ), lakini TΔS ni 12.9 kJ, kwa hiyo ΔG ni −9.0 kJ na inayeyuka. Sasa chukua kalsiamu salfeti: Ca²⁺ ni −53, SO₄²⁻ ni +20, yabisi ni 107. ΔS ni karibu −140 J/K. Yabisi imesambaratika kuwa ioni na entropia imeshuka! Sababu ni kwamba ioni zenye chaji mbili huzishika molekuli za maji zilizo karibu na kuzinyima uhuru wa kuzunguka, na hasara hiyo ya maji inazidi faida ya ioni. Kuyeyuka huko pia hutoa joto, ndiyo maana kiasi cha kalsiamu salfeti kinachoweza kuyeyuka hupungua maji yanapozidi kuwa ya moto, nayo huganda kama ukoko kwenye kuta za bwela. Kwa mtihani: chaji moja moja, sema chanya, chaji mbili mbili, taja maji.

Kama grafiti ina entropia kubwa kuliko almasi na mmenyuko pia unatoa joto, mbona almasi haigeuki?

ΔG ya kugeuka ni karibu −2.9 kJ kwa moli, kwa hiyo mwelekeo upo. Kasi haipo. ΔG inasema mteremko unaelekea wapi, haisemi kuna ukuta gani katikati. Ili kugeuka, vifungo imara vya kaboni lazima vivunjwe kwanza, na kwenye joto la chumba hakuna nishati ya kutosha kufanya hivyo.

Mimi ni mwalimu wa kemia, maabara yetu haina vifaa. Je, kuna onyesho la entropia ninaloweza kufanya kwa kitu cha mkononi?

Mwalimu, tafuta mpira wa kufungia, ule wa duara, wenye upana wa milimita 5 hadi 10. Mwembamba hautoshi, unapoa kabla mwanafunzi hajauhisi.

Uache kwanza dakika moja bila kushikwa. Gusisha sehemu ya katikati kwenye mdomo wa juu, ambapo ngozi huhisi joto vizuri kuliko vidole. Kisha uvute haraka hadi mara tatu ya urefu wake na uguse tena papo hapo: umepata joto. Ushikilie ukiwa umevutwa, mbali na uso, kwa sekunde 30 ili joto hilo litoke. Sasa rudisha mikono pamoja kwa haraka, bila kuuachia, na uguse mara ya tatu: umepoa kuliko mwanzo.

Wasiohisi chochote kwa kawaida wameuvuta polepole, joto likatoroka njiani, au wamegusa sehemu iliyokuwa chini ya vidole vyao. Mpira mkavu wenye nyufa hukatika, basi kila mtu avae miwani ya maabara.

Mpira ni minyororo mirefu iliyojikunja, na mnyororo uliolegea unaweza kujikunja kwa njia nyingi mno. Ukiunyoosha, njia hizo zinabaki chache. Entropia ya minyororo imeshuka, na joto ulilohisi mdomoni ndilo lililolipa deni hilo kwenye mazingira.

Kuna nusu ya pili ambayo darasa hulipenda zaidi. Ning'iniza mpira, ufungie mzigo unaouvuta hadi karibu mara mbili ya urefu wake, simamisha rula kando, kisha upulizie hewa ya kikaushio cha nywele kwa dakika moja. Waulize kwanza mzigo utakwenda wapi. Wengi watasema chini, kwa kuwa vitu hutanuka vikipashwa joto. Mzigo unapanda, milimita kadhaa. T ikiongezeka, mvuto wa TΔS wa kurudi kwenye kujikunja huongezeka nao. Mzigo ukishuka badala ya kupanda, ni mwepesi mno: mpira uliovutwa kidogo tu bado hutanuka kama vitu vingine. Ongeza uzito na urudie.

Je, inawezekana kwa bahati tu hewa yote ikahamia nusu moja ya chumba?
*Msomaji mwenye wasiwasi*

Hakuna sheria inayokataza. Tofauti iko kwenye hesabu. Molekuli 4 zikiwa ndani ya sanduku, kila moja ina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa kushoto, kwa hiyo zote kuwa kushoto ni mara 1 kati ya 16. Kaa hapo kidogo utaona. Zikiwa 10, ni 1 kati ya 1,024. Zikiwa 100, ni 1 kati ya 1.27 × 10³⁰. Tuseme mpangilio unabadilika mara bilioni moja kila sekunde: ungesubiri kwa wastani miaka trilioni 40, na ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8. Hizo ni molekuli 100. Sentimita moja ya ujazo ya hewa unayovuta ina takriban 2.5 × 10¹⁹.